Nairobi haijamkasirikia gavana wake, imemsusa

Mwanzoni mwa Septemba 2025, kwa siku chache, ilionekana kana kwamba Nairobi ingempoteza gavana kwa mara ya pili katika muda usiozidi miaka mitano. Madiwani walikuwa wamekusanya saini za kumtimua Johnson Sakaja. Mashtaka yao yalijulikana hata na mchuuzi wa njugu nje ya City Hall, makao ya serikali ya kaunti: basari za wanafunzi hazijatoka, Hazina ya Maendeleo ya Wadi imekauka, na gavana hapatikani. Kisha simu zikapigwa. Raila Odinga akawaita madiwani wa chama chake cha ODM, Rais William Ruto akawatuliza wa chama chake cha UDA, na hoja ikawekwa kando kabla haijasomwa katika bunge la kaunti. Tangu hapo nimesoma makala nyingi zikiuliza kama gavana amenusurika au amepewa tu muda wa kufunga virago. Naona swali lenyewe limekosewa. Wanaouliza hivyo wanawatazama madiwani wakidhani wanawatazama wakazi, na hao ni watu wawili tofauti. Diwani akinuna, ukimpa fedha za wadi yake anachangamka. Mkazi wa Kayole aliyenuna hajulikani hata anunuliwe kwa nini.

Hoja yangu ni kwamba uungwaji mkono wa gavana wa Nairobi umepungua kweli, lakini haujapungua kwa namna tunayoambiwa. Tunaambiwa watu wamekasirika. Mtu aliyekasirika humjui? Huja mlangoni, hupaza sauti, na siku ya kura hurauka saa kumi alfajiri ili amchague yeyote mwingine kukuumiza. Mpigakura wa Nairobi hafanyi hivyo. Anasusa. Hatoki nyumbani, na akitoka, karatasi ya rais anaijaza kwa moyo na ya gavana anaijaza huku akitazama pembeni. Kususa huku kulianza kabla ya Sakaja, kutaendelea baada yake tusipoangalia, na jambo lisilosemwa ni kwamba huenda hata kukamsaidia.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wachambuzi wengi wanapopita mbio. Mwaka 2013, Evans Kidero wa ODM alichaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa Nairobi kwa kura takriban 692,000. Mwaka 2017 alipata takriban 694,000, na akashindwa. Mwaka 2022 Sakaja wa UDA alipata 699,392, na akashinda. Tazama namba hizo tena. Katika chaguzi tatu, mshindi mmoja, mshindwa mmoja na mshindi mwingine, wote wanazungukazunguka pale pale kwenye laki saba kasoro. Ukiambiwa kwamba Kidero "alikataliwa" mwaka 2017, kwa hesabu ya kura tupu hilo si kweli, kwani aliongeza kama elfu mbili. Kilichobadilika ni mji uliomzunguka. Daftari la wapigakura la Nairobi lilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.7 mwaka 2013, na kufikia 2022 lilikuwa na zaidi ya milioni 2.4. Kwa hiyo laki saba ya Kidero ilikuwa karibu watu wanne kati ya kila kumi waliojiandikisha. Laki saba ya Sakaja haifiki watatu. Huyu wa sasa hakuanza na kapu lililojaa kisha likavuja. Alikabidhiwa kapu lililokwisha kuvuja.

Na waliobaki walikwenda wapi? Hawakwenda kwa mpinzani. Polycarp Igathe wa Azimio, muungano wa Raila, alipata 573,516. Ukijumlisha kura za urais za Raila na Ruto jijini mwaka 2022, unapata takriban milioni 1.33. Jumlisha za Raila na Uhuru Kenyatta mwaka 2013, unapata takriban milioni 1.35. Yaani mji uliongeza wapigakura zaidi ya laki sita kwenye daftari, na bado vinara wawili wa 2022 wakaambulia kura chache kuliko vinara wawili wa 2013. Zaidi ya watu milioni moja waliojiandikisha Nairobi hawakupiga kura Agosti 2022. Hicho ndicho chama kikubwa kuliko vyote jijini: hakina rangi wala mgombea, na hakifanyi mikutano uwanja wa Jacaranda.

Kuna kipimo cha pili, na kwangu ndicho kinachosema zaidi. Linganisha kura za gavana na za mgombea urais wa upande wake mjini hapa. Mwaka 2013 Kidero na Raila walikwenda sambamba. Raila alipata takriban 691,000, Kidero 692,000. Aliyempigia mmoja alimpigia mwenzake, kama mtu anayefuata mtiririko wa karatasi. Mwaka 2017 Raila alipanda hadi takriban 828,000, Kidero akabaki pale pale. Zaidi ya wafuasi 120,000 wa Raila walisimama kwenye kibanda, wakamtia alama Raila, halafu wakamruka Kidero. Upande wa pili Mike Sonko, mgombea wa Jubilee aliyemshinda Kidero, alimzidi Uhuru kwa karibu kura 80,000. Mwaka 2022 mambo yakajirudia. Ruto alipata takriban 562,000 Nairobi, Sakaja akamzidi kwa karibu 138,000. Raila alipata 767,000, Igathe akapungukiwa na zaidi ya 190,000. Ndiyo maana mara mbili mfululizo Nairobi imechagua gavana kutoka upande ulioshindwa urais mjini humo.

Kuhusu 2022, sababu zinajulikana. Azimio ilimwondoa Tim Wanyonyi, mbunge wa Westlands aliyekuwa amejijenga mitaani, ikamweka Igathe, mtu wa makampuni ambaye wengi walimkumbuka kwa jambo moja tu, kwamba alikuwa naibu wa Sonko na akajiuzulu baada ya miezi michache. Wafuasi wa Raila, hasa kutoka jamii ya Waluhya, hawakusahau. Kwa hiyo sehemu nzuri ya ushindi wa Sakaja ilikuwa kura za watu waliomkataa Igathe. Kura ya mkopo. Na mkopo, kama anavyojua kila mtu aliyewahi kuchukua mkopo wa simu wa Fuliza, hukatwa siku ile ile fedha inapoingia.

Ndiyo maana sishangai kwamba uungwaji mkono huo ulianza kuyeyuka mapema. Sehemu moja ya kapu ilikuwa ya wafuasi wa Raila walioteleza kwa muda. Nyingine ilikuwa ya wapigakura wa asili ya Mlima Kenya waliomfuata Ruto na Rigathi Gachagua. Gachagua na Sakaja walivutana mapema juu ya biashara za katikati ya mji na matatu, na Oktoba 2024 Gachagua alipotimuliwa unaibu wa rais, kundi hilo likaondoka na vyombo vyake. Kisha Machi 2025 UDA na ODM wakatia saini makubaliano ya kushirikiana, na gavana akajikuta anategemea nyumba ya Raila, ile ile aliyoishinda. Mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya Raila kumwokoa, Raila akafariki, Oktoba 15. Sasa anayesimama kwa sauti kubwa kutaka kiti hicho 2027 ni Babu Owino, mbunge wa Embakasi Mashariki, kijana wa nyumba hiyo hiyo. Mtu unaweza kuisoma hadithi hii yote kama hesabu ya makabila na vyama, na wengi wanaisoma hivyo. Haikosi ukweli. Lakini haielezi kwa nini watu milioni moja hawakuja.

Hapa ni lazima niwape haki yao wanaompinga mtu kama mimi. Watasema idadi ya waliojitokeza ilishuka nchi nzima mwaka 2022, kwa hiyo usimbebeshe gavana. Ni hoja nzito. Kitaifa walijitokeza takriban asilimia 65, kutoka karibu 80 mwaka 2017. Lakini Nairobi ilikuwa takriban asilimia 56, chini kabisa ya wastani huo, mji wenye vituo vya kura vilivyo umbali wa kutembea na simu mkononi mwa kila mtu. Tena nakubali neno moja zaidi: aliyebaki nyumbani Agosti 2022 hakuwa akimwadhibu Sakaja, ambaye hakuwa ameanza kazi. Alikuwa akiisusa ofisi. Na ukitaka kujua ofisi hiyo ilifanya nini hadi isuswe, rudi nyuma miaka michache.

Hadi 2013 Nairobi ilikuwa na meya, aliyechaguliwa na madiwani, mwenye mkufu shingoni na mamlaka kidogo. Charles Rubia alikuwa Mwafrika wa kwanza kuushika mwaka 1962, George Aladwa wa mwisho. Hakuna aliyemdai meya makubwa. Katiba ya 2010 ilileta gavana, na pamoja naye ahadi kwamba sasa mkazi atamchagua mwenyewe mtu wa kumwajibisha. Sonko ndiye aliyepata kura nyingi kuliko wote waliowahi kugombea, 871,794. Februari 25, 2020, akiwa na kesi za ufisadi mahakamani, alitia saini Ikulu kuikabidhi serikali kuu afya, uchukuzi, ujenzi na huduma, pamoja na mipango ya mji. Ikaundwa Idara ya Huduma za Nairobi, NMS, ikapewa Meja Jenerali Mohamed Badi. Desemba mwaka huo huo madiwani walimtimua Sonko na Seneti ikakubali. Naibu aliyekuja kurithi, Anne Kananu, hakuna mkazi aliyempigia kura. Kwa hiyo watu 871,000 walimchagua mtu mmoja, na ndani ya miaka mitatu na nusu kazi zake zilikuwa mikononi mwa mwanajeshi na kiti chake kikielekea kwa mtu mwingine. Sisemi Sonko alistahili kubaki, nafikiri hakustahili. Ninachosema ni kwamba mkazi aliona yote haya yakiamuliwa kati ya Ikulu na ukumbi wa madiwani, naye akajifunza somo lake: kura ya gavana ni tiketi ya kuangalia mchezo.

Kuna jambo gumu kulikiri. NMS ilikuwa na watu walioipenda. Barabara za mitaa ya nyuma zilitiwa lami, visima vikachimbwa kwenye mitaa ya mabanda, zahanati zikajengwa. Wengi walisema afadhali jeshi. Basi hapo kwenye "afadhali jeshi" ndipo ninapoiona sumu, maana mtu akishasema hivyo ameshaamua kwamba uchaguzi wa gavana ni mapambo.

Watetezi wa Sakaja wana hoja, na baadhi ni nzuri. Ya kwanza ni fedha. Alirithi madeni ya makumi ya mabilioni ya shilingi, makubwa kuliko ya kaunti yoyote nchini, mengine ya tangu enzi za baraza la jiji. Ya pili ni mamlaka. Barabara kubwa ni za serikali kuu, matatu zinapewa leseni na NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, polisi hawamsikilizi, na hata usafishaji wa Mto Nairobi serikali kuu imeuchukua kwa mradi wake. Mkazi anayemlaani gavana kwa foleni ya barabara ya Outering anamlaani mtu asiyeshika usukani. Ya tatu ni Dishi na County, mpango ulioanza 2023, ambapo mtoto wa shule ya umma anagusisha bangili kwenye kifaa na kupewa chakula cha mchana kwa mchango wa shilingi tano za mzazi. Hiyo si propaganda. Nimeona watoto wakila wali na ndengu moto mchana, watoto ambao zamani wangelala madawatini. Na mapato ya kaunti yenyewe yalipita bilioni 13 katika mwaka wa fedha wa 2024/25, kiasi ambacho watangulizi wake hawakukifikia.

Kama kazi ingekuwa inaleta kura moja kwa moja, mtoto mmoja aliyeshiba angekuwa kura mbili, baba na mama. Mbona haiwi hivyo? Watetezi wanajibu kwamba tatizo ni mawasiliano, gavana hajajieleza. Sikubaliani. Tatizo ni kwamba mambo mazuri ya City Hall yanatokea mahali yasipoonekana, jikoni na kwenye mfumo wa malipo, ilhali mabaya yanatokea barabarani. Na kuna siku moja iliyosema zaidi ya matangazo yote. Februari 24, 2025, katikati ya mgogoro wa madeni kati ya kaunti na kampuni ya umeme ya Kenya Power, malori ya taka yalifika Stima Plaza, makao makuu ya kampuni hiyo, na kumwaga takataka kwenye lango. Kila upande ulidai mwenzake mabilioni. Gavana aliomba radhi baadaye. Lakini radhi haikugusa kilichowauma watu. Wakazi wa mitaa ambako taka hukaa wiki nzima hadi mbuzi wanazijua kwa majina waliuliza swali moja: kumbe malori yapo? Kumbe yanaweza kufika kwa wakati, yakiwa yamejaa, mahali yalipoagizwa? Mji unaozalisha zaidi ya tani elfu mbili za taka kwa siku uligundua kwamba uzoaji unashindikana kwa mkazi na kuwezekana kwa mdaiwa.

Sasa nije kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi kwenye meza za nyama choma. Inasema hivi: mwana Nairobi hana shukrani, na hana habari na mji huu. Moyo wake uko kijijini, anajenga kule, atazikwa kule, hapa anatafuta tu. Anapiga kura kwa kabila, akipata chama chake basi amemaliza. Kwa hiyo gavana yeyote, hata angelichonga jiji kwa dhahabu, angechukiwa tu. Nimeisikia kwa wasomi na nimeisikia kwa madereva.

Namba nilizotaja mwanzo zinaiangusha bila msaada wangu. Mtu anayepiga kura kwa kabila na chama tu haachi pengo la kura 190,000 kati ya mgombea wake wa urais na mgombea wake wa ugavana. Mwaka 2017 na 2022, makumi ya maelfu ya watu wa mji huu walichukua karatasi mbili kwenye foleni moja na kuwapa pande mbili tofauti. Hiyo ni akili inayotofautisha nani wa nchi na nani wa mji. Ni mpigakura makini kuliko anavyosifiwa. Na kuhusu shukrani, ni ajabu kumdai mlipa kodi shukrani. Mchuuzi wa Muthurwa analipa ushuru wa kila siku, halafu kanjo, askari wa kaunti, wanamfukuza na mzigo wake. Huyo anadai risiti, na hana la kushukuru.

Kuna pia wale wa upande wa pili, wanaosema tatizo ni Sakaja mwenyewe: kuanzia utata wa shahada yake ya Uganda mwaka 2022 hadi kutopatikana kwake, na kwamba tukibadilisha mtu tutapona. Tumeshabadilisha mtu. Tulimtoa Kidero meneja tukaleta Sonko mtu wa watu, tukamtoa mtu wa watu tukaleta seneta kijana msomi aliyeahidi mji wa utaratibu, heshima na matumaini. Hakuna gavana wa Nairobi aliyewahi kupata muhula wa pili. Nguo tatu tofauti zikichanika pale pale, mtu hamlaumu tena fundi, anatazama msumari ulioko kwenye kiti.

Msumari ni huu: gavana wa Nairobi anachaguliwa na wa chini na kuokolewa na wa juu. Juni 25, 2024, waandamanaji vijana walipoingia Bunge, sehemu ya City Hall pia iliwaka. Hasira ile ilikuwa juu ya mswada wa fedha wa serikali kuu, ambao gavana hakuuandika. Kwa nini moto ukafika kwake? Kwa sababu machoni mwa vijana wale City Hall ilikuwa tawi tu la jengo lile kubwa. Na Septemba 2025 ilithibitisha waliyoyashuku. Hoja ya madiwani, pamoja na unafiki wake wote, ingelilazimisha mashtaka yasomwe hadharani na gavana ajibu mbele ya Nairobi nzima. Pengine angejibu vizuri. Pengine angeshinda. Simu mbili zilimnyima nafasi hiyo na zikatunyima sisi kusikia. Wanaosema aliponea wamehesabu kiti, hawakuhesabu watu.

Ukitaka kuona kwamba hili la kuelekea juu au chini lina uzito wake, nenda Kampala. Erias Lukwago alichaguliwa Meya Mkuu mwaka 2011, mara tu baada ya sheria ya Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) kuchukua mamlaka ya utendaji na kumpa mkurugenzi anayeteuliwa na rais. Meya alibaki na jina. Mwaka 2013 madiwani walipiga kura kumwondoa, akaenda mahakamani, akafungiwa ofisi. Barabara za Kampala hazikuwa bora kuliko zetu, na Lukwago hakuwa na shilingi ya kuziba hata shimo moja. Wakazi wakamchagua tena 2016, na tena 2021. Simtoi kama mfano wa utendaji, maana mji hauendeshwi kwa kesi. Lakini mpigakura wa Kampala alijua mtu wake amesimama upande gani wa geti. Dar es Salaam kwa upande wake haina hata wa kumsusa, kwani meya huko huchaguliwa na madiwani, na Februari 2021 halmashauri ya jiji la zamani ilivunjwa kwa amri ya rais na hadhi ya jiji ikahamia Ilala, wakazi wakiendelea na shughuli zao.

Wapo pia wanaonikumbusha miji ya mbali. Chicago ilimpa Lori Lightfoot wadi zote 50 mwaka 2019, na Februari 2023 akawa wa tatu, na kura zisizofika moja kati ya tano. Basi, wanasema, meya wa jiji kubwa huchosha kila mahali. Kweli huchosha. Lakini Chicago ina duru ya pili. Asiyepata nusu ya kura harudi, na anayetaka kiti analazimika kutafuta watu nje ya kambi yake. Katiba yetu inamtaka rais apite nusu, na kwa gavana inasema tu aliyeongoza ndiye mshindi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoufanya mnuno wa Nairobi uwe jambo la hatari.

Wasomaji wengi watashangaa hapa. Wachambuzi wanadhani gavana asiyependwa ni gavana anayeshindwa. Tuangalie Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi mkuu. Tuseme wagombea wazito ni wanne: gavana, Babu Owino, mmoja kutoka upande wa Gachagua, na mwingine ambaye hajajitokeza. Tuseme watu wanaendelea kukaa nyumbani kama 2022, wanajitokeza milioni 1.3. Mshindi anaweza kupatikana kwa kura laki nne na ushei, na laki nne, kwa mtu mwenye kaunti mkononi, wafanyakazi wa usafi walioajiriwa kwa maelfu, basari zinazoweza kutoka kwa wakati mwafaka na chama kinachomlinda, si mlima. Waswahili walishalisema: ukisusa, wenzio twala. Kadiri wasiompenda wanavyobaki nyumbani, ndivyo wanaomhitaji wanavyozidi uzito. Uungwaji mkono unaweza kupungua kila mwezi na bado mtu akaapishwa mara ya pili, akaambiwa amepewa imani na wananchi.

Wapinzani nao hawana haraka ya kuwaamsha waliolala, na hili sijalisoma popote. Mtu aliyesusa akija, hujui atamwangukia nani. Ni rahisi zaidi kugawana waliopo. Ndiyo maana mikutano ya kutafuta ugavana inafanyika kwa viongozi wa jamii hotelini, wenye orodha za watu wao, na si kwenye foleni za usajili. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilifungua tena usajili wa wapigakura Septemba 29, 2025, wiki chache tu baada ya sarakasi ya madiwani, na vijana waliojaza barabara mwaka 2024 hawakujaza ofisi hizo. Wanaosema kizazi hicho kitafagia City Hall wanahesabu kelele ya mtaani kama kadi iliyokwisha chukuliwa.

Nina jirani fundi wa viatu Kariobangi, mtu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa hapa hapa, asiye na shamba popote. Nilimuuliza ana nini na gavana, nikitarajia matusi. Akaendelea kushona. "Sina noma naye," akasema. "Hata simjui." Alipiga kura mara moja tu, 2017, kwa Sonko. Nilipomwambia ofisi ya usajili iko hatua chache tu, kwamba anaweza kwenda kuhakiki jina lake saa ya chai, aliniangalia kama mtu aliyeambiwa akachukue mzigo wa mtu mwingine posta.